Magharibi Penye Lango la Zizi

Ukishavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, barabara ya Sirari inaanza kupanda na joto la ziwa linabaki nyuma. Tarime mjini watu wanavaa makoti asubuhi. Kutoka hapo nilipanda bodaboda kuelekea mashariki, njia ya vumbi inayopita kati ya migomba na mahindi, chini ya vilima vyenye mawe makubwa ya kijivu. Kila mara dereva alisimama kupisha ng'ombe. Hakupiga honi hata mara moja. Huku ng'ombe ndiye mwenye njia.

Itiryo ni kata ya mpakani. Mstari unaoitenga na Kenya walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886: ukaanzia mdomoni mwa Mto Umba, kaskazini ya Tanga yetu nilikozaliwa, ukapinda Kilimanjaro, ukaenda kukomea ufukoni mwa Ziwa Victoria, nyuzi moja kusini ya ikweta. Sisi wa Tanga tunakaa kwenye ncha yake ya bahari. Wakurya walikaa pale ulipopita, ukawagawa. Mtu wa Itiryo ana wakwe Migori upande wa Kenya, ana binamu Migori, na ng'ombe wa mahari wamekuwa wakiuvuka mstari huo tangu ulipochorwa. Wa wizi pia wanavuka.

Nilikwenda kumwona rafiki wa marehemu baba yangu. Walikuwa askari pamoja katika vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wakaingia Uganda kwa miguu. Baba alikuwa Mwislamu wa pwani, aliyelelewa chuoni tangu utotoni. Huyu mwenzake alikuwa kijana wa Kikurya aliyetoka machungani moja kwa moja kuingia jeshini. Handakini alimwona baba akitayamamu kwa udongo na kuswali ameketi, bunduki mapajani, akamuuliza anaongea na nani. Miaka michache baada ya kurudi vitani akasilimu mjini Musoma, akaoa hukohuko, kisha akarudi Itiryo kwenye ardhi ya baba yake. Baba hakuacha kumtaja. Nami nilikuwa na swali ambalo sikulipatia jibu kwenye mawaidha niliyoyasikia maisha yangu yote: mtu anampendaje Mwenyezi Mungu kuliko mali, ikiwa mali hiyo inapumua, ina jina, na inamjua yeye kwa sauti?

Maana ng'ombe kwa Mkurya si akiba tu. Ng'ombe ndiye anayelima, kwa kuwa jembe la kukokotwa na maksai limekuwa huku tangu enzi za mkoloni. Ng'ombe ndiye ada ya shule, faini ya wazee, maziwa ya mtoto. Juu ya yote ng'ombe ndiye ndoa. Ng'ombe waliokuja kwa ajili ya dada ndio wanaomwolea kaka, na hao hao kesho wanaweza kuwa wamefika kwa wakwe wa wakwe. Zizi liko katikati ya mji na nyumba zimelizunguka. Mgeni akiingia anaonyeshwa zizi kabla hajaonyeshwa kiti.

Nilifika jioni, nikamkuta mzee amesimama penye lango la zizi, fimbo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, maana ng'ombe walikuwa wanaingia. Baadaye aliniomba radhi. Wakati ule hakuna Mkurya anayemtazama mtu.

Fahali alitangulia. Nyuma yake wakaja majike, wengine maziwa yakidondoka kwenye vumbi, wakiwalilia ndama waliofungiwa tangu asubuhi, na ndama wakijibu kutoka ndani. Mjukuu wake alikuwa nyuma kabisa na mbwa wawili. Mzee hakuhesabu kwa namba. Anazijua sura, na asiyekuwepo anaacha pengo analoliona mara moja. Aliwataja kwa rangi na kwa mama zao, kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuiona tena siku zote nilizokaa kwake.

Nilikumbuka Sura ya An-Nahl. Pale Mwenyezi Mungu anawatajia watu neema ya wanyama: joto la mavazi, manufaa mengine, chakula. Angeweza kuishia hapo. Lakini anaongeza kwamba wana uzuri kwa wenyewe wakati wanaporejeshwa jioni na wakati wanapotolewa asubuhi. Wafasiri walijiuliza kwa nini jioni imetangulizwa, na jibu lao lingeweza kutolewa na mtoto yeyote wa Itiryo: jioni matumbo yameshiba na viwele vimejaa, na jicho la mwenye mali linatulia zaidi. Kwa hiyo furaha niliyoiona usoni mwa mzee imo ndani ya Kurani, na imetajwa kama neema. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akihubiri kwamba kupenda mali ni ugonjwa mtupu nikamkubalia.

Taabu iko kwenye saa. Huku jua linazama saa moja kasoro, na ng'ombe wanaingia dakika hizohizo. Magharibi ndiyo sala yenye wakati mfupi kuliko zote, hasa kwa sisi tuliosomeshwa madhehebu ya Imam Shafi. Na katika eneo lenye wizi wa mifugo, jioni ndiyo saa ambayo mwenye ng'ombe habanduki langoni. Lango likiachwa kabla hesabu haijatimia, pengo halitaonekana hadi asubuhi, na asubuhi nyayo zimeshavuka mpaka.

Nikiwa bado nawaza hayo, jua likagusa kilima. Mzee alimwita mjukuu, akamkabidhi fimbo. Majike kama sita yalikuwa bado nje. Akageuka, akachukua ndoo ya maji, akatawadha kando ya mparachichi, akaadhini kwa sauti isiyokuwa kubwa. Nikasimama kuliani kwake, nyuma kidogo. Kwato na vilio vya ndama vilikuwa upande wetu wa kushoto muda wote wa sala, na mara moja nilisikia mjukuu akifoka. Mzee hakuharakisha. Alisoma Sura ya Al-Adiyat, ambayo inasema jinsi binadamu alivyo mkali katika kuipenda mali.

Baada ya sala nilimuuliza kama siku zote hufanya vile. Akasema hapana. Miaka mingi aliiswali Magharibi baada ya kufunga lango, giza limeshaingia, akijiambia kwamba mali ni amana na kuilinda ni ibada. "Nilikuwa nasema kweli," alisema. "Ndiyo maana ilinichukua muda kuona kwamba najidanganya. Mimi nilisilimu kwa siku moja, mwanangu. Ng'ombe wangu walichukua miaka."

Kilichomgeuza ni habari ya Nabii Sulaiman katika Sura ya Sad. Mfalme yule alionyeshwa farasi wake alasiri, farasi wazuri wenye mbio, akawatazama mpaka jua likajificha, ndipo akatambua kwamba kuipenda mali kumemshughulisha asimkumbuke Mola wake. Akaamuru warudishwe. Wafasiri wametofautiana juu ya alichowafanyia: wapo wanaosema aliwachinja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wapo wanaosema aliwapapasa tu shingo na miguu. Mzee aliisikia darasani Musoma wakati wa Ramadhani. Alisema alipofika kwenye jua kujificha, alijiona yeye mwenyewe langoni.

Nikamuuliza kama amewahi kupoteza ng'ombe kwa sababu ya sala. Akasema mwaka mmoja fahali wake alipotea jioni, na majirani walisema ni kwa sababu aliliacha lango. Inawezekana. Nikatazamia aniambie kwamba Mwenyezi Mungu alimrudishia, au alimpa bora kuliko yule, kama zinavyomalizika hadithi nyingi za aina hii. Alinitazama, akasema, "Hajarudi mpaka leo. Na kesho yake nikaliacha lango tena."

Usiku tulikula ugali wa muhogo na mtama kwa maziwa mgando, kisha mzee akateremsha kutoka rafuni tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, lile buku nene lililochapwa Nairobi mwaka 1969. Kingo za kurasa zake zimeliwa na panya, lakini Sura ya At-Tawba aliifungua mahali pake bila kutafuta. Aya ya 24. Nimeisikia aya hiyo misikitini Tanga, Mombasa na Unguja, mara nyingi ikisomwa haraka kama utangulizi wa jambo jingine. Itiryo niliisikia ikisomwa polepole na mtu anayeogopa inakoelekea.

Aya inataja vitu vinane. Baba. Watoto. Ndugu. Wake. Jamaa wa ukoo. Mali mliyoichuma. Biashara mnayohofia isiharibike. Makazi mnayoridhika nayo. Kama hivi ni vipenzi zaidi kwenu kuliko Mwenyezi Mungu, Mtume wake na kujitahidi katika njia yake, basi ngojeni mpaka Mwenyezi Mungu alete amri yake. Wanachuoni wanaihusisha na Waislamu wa Makka waliokuwa wazito kuhama kwa sababu ya jamaa na mali. Mzee alikuwa akiinua kidole kuelekea gizani kila alipotaja kimoja: kaburi la baba yake nyuma ya nyumba, nyumba za wanawe, mji wa kaka yake ng'ambo ya kijito, zizi, kijiduka cha mkewe, na paa lililotuhifadhi. "Aya hii imeingia kwangu ikahesabu vyumba vyote," alisema.

Mimi nilishangazwa na jambo jingine. Katika vitu hivyo vinane hakuna hata kimoja kilicho haramu. Vyote dini yenyewe imevihimiza: kuwatii wazazi, kuwalea watoto, kuunga udugu, kumtendea mke wema, kuchuma halali. Aya haikutaja pombe wala zinaa. Imetaja mema, na ndiyo maana nzito. Mtu anaweza kuishi maisha yote akivitendea wema vyote vinane, asijue ni nani anayemtii kweli, kwa sababu siku ya kuchagua haijafika. Ikifika, haiji na ilani.

Kwa mzee ilifika kwanza kwa njia ya ukoo. Tarime imewahi kuumwa vibaya na mapigano ya koo, ya ng'ombe na ya mipaka ya ardhi, nyumba zikachomwa na watu wakauawa, hata serikali ikaunda mkoa wa kipolisi wa Tarime na Rorya peke yake. Anakumbuka alfajiri moja yowe lilipopigwa na vijana wa ukoo wake wakaja kumchukua, kwa kuwa yeye ni askari wa zamani na anajua vita. Ng'ombe walikuwa wameibwa. Aliuliza wezi ni akina nani. Hawakujua, walichojua ni ukoo. Akawaambia atakwenda kuwatafuta wezi, hatakwenda kuchoma nyumba za watu ambao hawakuiba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kumsaidia ndugu yako akiwa anadhulumiwa au akiwa yeye ndiye dhalimu, na msaada wa dhalimu ni kumzuia. Alijaribu kuwazuia. Walimwacha wakaenda. Kwa miaka iliyofuata kwenye vikao vya wazee alipokuwa akianza kusema, kuna waliokuwa wakiinuka.

Alisimulia hilo kwa kifupi. Jambo alilokaa nalo usiku ule, akirudi nyuma na kuanza upya, lilikuwa mahari ya binti yake.

Sura ya An-Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na sheria yetu haina mzunguko hapo: mahari ni ya bibi harusi. Si ya baba, si ya kaka, si ya ukoo. Pwani tunaisoma aya hiyo na inatupita bila kutuumiza sana, kwa sababu mahari yetu mara nyingi ni fedha kiasi na kitanda. Iweke aya hiyo Itiryo uone uzito wake. Binti alipoposwa na kijana Mwislamu wa Sirari, ng'ombe walitajwa, na mzee akasema mbele ya wajumbe wa pande zote mbili kwamba ng'ombe watakuwa wa binti mwenyewe na wataondoka naye. Kulikuwa na kaka anayengoja kuoa kwa ng'ombe hao. Kulikuwa na ami aliyetoa ng'ombe wake zamani kumwozesha mzee mwenyewe, na sasa alikuwa anatazamia kuvuna. Katika neno moja mzee aliwagusa mtoto wake, ndugu yake na ukoo wake, yaani vitu vitatu katika vile vinane, na akawaudhi wote.

Nilimuuliza kama hakukuwa na njia ya katikati, maana binti angeweza kuwapa kwa ridhaa yake, na Kurani inaruhusu hivyo. Akatikisa kichwa. "Msichana wa miaka ishirini, amezungukwa na ami zake, unamuuliza anaridhia? Mimi ndiye niliyekuwa na nguvu ya kumlinda asiulizwe." Kaka wa binti alingoja. Alikwenda Sirari kubeba mizigo mpakani, akaoa miaka kadhaa baadaye. Ndugu wa mzee hakuingia mji huu mpaka mama yao alipofariki, wakakutana kaburini.

Mkewe, aliyekuwa kimya pembeni akichambua mboga za kesho, akasema neno moja tu: kwamba binti ana ng'ombe wake hadi leo na mumewe hamnyanyasi.

Usingizi ulichelewa kuja. Nilikuwa nawaza jinsi sisi watu wa pwani tulivyozoea kuisema dunia. Miaka kama 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akauambia moyo wake utazame majumba ya Pate, ya mabwana waliokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa yamebaki magofu na popo. Ni kazi kubwa, na kila mara inanitikisa. Lakini nahisi tumeirithi kwa namna nyepesi. Tunapopanda mimbari tunasema dunia hadaa, dunia mapito, na wasikilizaji wanatikisa vichwa, kwa sababu dunia kwa jumla hakuna anayeipenda. Mtu anapenda shamba lake la mikarafuu, gari lake, mtoto wake wa mwisho, nyumba aliyoanza kuijenga. Neno likisemwa juu ya dunia yote halimgusi yeyote mahali pake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Ihya kwamba binadamu kwa maumbile humpenda anayemfanyia hisani, na kwamba akitazama vizuri ataona mfanya hisani wa kweli ni Mmoja. Kwa maana hiyo ng'ombe anaweza kuwa njia ya kumfikia Mungu. Naamini hivyo. Lakini njia hiyo hupitia mahali penye gharama, na fikihi ndiyo inayokuonyesha mahali hapo kwa kidole.

Asubuhi nilikiona kidole hicho. Mzee huhesabu zaka yake mwezi wa Shaabani, na nilikuwa nimefika mwezi huo. Kwa ng'ombe, hesabu iliyopokewa kutoka kwa Muadh bin Jabal, ambaye Mtume alimtuma Yemen, iko wazi: chini ya 30 hakuna zaka, wakitimia 30 ni ndama mmoja aliyemaliza mwaka, wakitimia 40 ni mtamba aliyemaliza miaka miwili. Kwa Mashafi wanahesabiwa wale wanaojilisha malishoni na waliokaa mwaka mzima kwa mwenyewe, na ng'ombe wa kazi hawamo. Kwa hiyo maksai wanne wa mzee wanatoka kwenye hesabu. Zizini kwake walibaki 23. Hakuna zaka.

Ila ana wengine 12. Hao hawako Itiryo kwake. Wako kwa rafiki yake, karibu zaidi na mpaka, kwa desturi iliyoenea kwa wafugaji wa nchi hii: unamwekea mwenzako ng'ombe, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na mali, na ugonjwa au wezi wakipiga zizi moja hujamalizika. Kijijini kila mtu ana ng'ombe nje na hakuna anayetaja idadi. Kumuuliza Mkurya ana ng'ombe wangapi ni utovu wa adabu. Hakuna karani wa zaka anayefika huku, wala msikiti wenye daftari. Katika wale 12 hakuna jicho la kibinadamu linaloweza kumdai.

Tulikwenda kuwaona kwa miguu, mwendo wa saa mbili hivi kwa vilima. Njiani alinionyesha upande wa kusini ilipo Nyamongo na mgodi wa North Mara, unaochimba dhahabu tangu mwaka 2002. Nikamtajia ile aya ya Aali Imran inayohesabu vilivyopambwa machoni mwa watu: wanawake na watoto, marundo ya dhahabu na fedha, farasi, mifugo na mashamba. Akafikiri kidogo, akasema kwamba ukiacha farasi, wilaya yao haijakosa kitu.

Rafiki yake alitupokea kwa chai. Si Mwislamu, ni Msabato, na anaijua shughuli hii ya kila mwaka. Mwanzoni, aliniambia, alimshauri mwenzake awaandike hao 12 kwa jina la shemeji wa Kenya, ili hesabu isivuke. Alikuwa anampenda, alitaka kumsaidia. Mzee alimjibu kwa hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba visitenganishwe vilivyokusanyika wala visikusanywe vilivyotengana kwa kuogopa sadaka. Nilimtazama Msabato yule akinieleza hadithi ya Mtume neno kwa neno, nikafikiri ni vitabu vingapi vya dini nimevisoma bila kukutana na mtu ambaye hadithi hiyo imemtoa mali.

Jumla ni 35. Ndama mmoja.

Waliofikia umri walikuwa watatu. Mmoja amekonda, mbavu zinaonekana. Mmoja ni dume jeusi, la wastani, lenye afya. Wa tatu ni jike jekundu, mgongo umenyooka, mtoto wa ng'ombe ambaye bibi yake alikuwa wa marehemu mama yake mzee. Jike lile lilimfuata mwenyewe bila kuitwa, likaweka mdomo kwenye mfuko wa koti lake.

Dini imeweka hapa busara ambayo ningependa isemwe zaidi. Mtume alipomtuma Muadh alimtahadharisha asiwachukulie watu mali zao bora kabisa. Na Sura ya Al-Baqara inakataza kukusudia kibaya ukakitoa. Kwa hiyo aliyekonda hafai, na mwekundu hadaiwi. Sheria inataka wa kati. Juu ya sheria, lakini, iko ile aya nyingine ya Aali Imran, kwamba hamtaufikia wema mpaka mtoe katika mnavyovipenda. Ilipoteremka, Abu Talha, aliyekuwa na mitende mingi kuliko Ansari wote wa Madina, alikwenda kwa Mtume akasema kipenzi chake ni shamba la Bayruha, lililokuwa likiukabili msikiti, ambalo Mtume mwenyewe alikuwa akiingia na kunywa maji yake matamu. Akalitoa. Mtume akaisifu biashara hiyo, akamshauri aligawe kwa jamaa zake. Akawagawia jamaa na wana wa ami yake. Alichompa Mungu kilirudi kwa watu wake, lakini kilipita kwanza mahali pengine.

Mzee aliijua habari hiyo vizuri kuliko mimi. Alisimama kati ya wale ndama kwa muda. Kisha akafunga kamba shingoni mwa dume jeusi.

"Zaka imetimia," nilisema.

"Imetimia," akajibu, mkono wake ukiwa bado mgongoni mwa mwekundu.

Ndama alipangiwa mjane Mwislamu wa kijiji cha pili, anayelea wajukuu peke yake. Mmoja wa wajukuu hao, kijana, alikuja kesho yake asubuhi kumchukua. Hapakuwa na sherehe. Mzee alimweleza malisho, kupe, na siku ya josho, akamwambia dume huyo akikua anaweza kuhasiwa awe maksai na kuwalimia. Kijana akashukuru, akamwongoza ndama kwenye njia ya kijito.

Mke wa mzee alikuwa akikama. Bila kuinua kichwa alianza kuhesabu kwa sauti: wamebaki 34, na wenye mimba ni sita, wanne hapa na wawili kule kwa rafiki. Wakizaa salama, Shaabani ijayo itawakuta 40, na hapo zaka si ndama tena, ni mtamba wa miaka miwili.

"Inshallah," alisema mzee. "Nitatafuta mtamba mzuri."

"Wa kutafuta yuko wapi? Utakuwa naye mmoja tu wa umri huo anayefaa. Mwekundu."

Mzee akasema yule alitaka amwone akizaa hapa kwanza, kwenye zizi la mama yake.

"Najua," alisema mkewe. "Ndiyo maana nimemtaja."